Umelalamika Vya Kutosha, Sasa Andika Barua



Wewe unayeshuka matatu Ruiru kila jioni, au Juja, au Witeithie, au unayerudi Makongeni kule Thika, hebu nikuulize. Pale unapovukia barabara, nani aliamua uvukie pale? Usinijibu "serikali". Nauliza ni afisi gani, mwaka gani, kwa karatasi gani. Na kabla ya kuchora ule mstari, walihesabu watu wangapi wanaovuka kwa miguu?

Wengi wetu hatujui, na sababu ni kwamba hatujawahi kuuliza. Tumelalamika tu. Tumelalamika ndani ya matatu, tumelalamika kwa grupu la WhatsApp la mtaa, tumepiga picha mtaro uliofurika tukaiweka mtandaoni ikapata laiki mia mbili na maoni ya "hii Kenya jamani". Kesho yake asubuhi maji yako palepale, na wewe unaruka mawe ukiwa umeshika viatu mkononi.

Ninachokuomba leo ni kitu cha kizamani. Andika barua. Iwe ya karatasi au barua pepe, lakini iwe na tarehe, iwe na jina lako, na ndani yake kuwe na swali. Najua inasikika kama ushauri wa babu. Soma kwanza, kisha ubishe.

Tuanze na barabara yenyewe, maana ndiyo inayotupitia katikati. Barabara Kuu ya Thika ilianza kujengwa mwaka 2009, na Rais Mwai Kibaki akaifungua rasmi tarehe 9 Novemba 2012. Ni takriban kilomita 50 kutoka Nairobi hadi Thika. Gharama yake ilipita shilingi bilioni 30, sehemu kubwa ikiwa mikopo kutoka Benki ya Maendeleo ya Afrika na Benki ya Exim ya Uchina, na kazi ikagawanywa kwa kampuni tatu za Kichina. Mimi si mmoja wa wale wanaosema barabara ile haina faida. Anayekumbuka foleni za zamani pale Githurai hatasema hivyo.

Lakini ile barabara ilichorwa na mtu aliyekuwa ameketi ndani ya gari. Ukiwa ndani ya gari unaona njia pana inayokupeleka. Ukiwa nje, wewe upande huu na shule ya mtoto wako upande ule, unaona ukuta.

Lami ilipokauka, watu waliendelea kuvuka walipozoea kuvuka, kwa sababu mtaa haukuhama. Wakagongwa. Ndipo tukaona maajabu: matuta juu ya barabara ya kasi. Hebu fikiria hilo taratibu. Unakopa mabilioni ili magari yakimbie, halafu unaweka matuta ili yasimame. Baadaye yakaja madaraja zaidi ya wapita njia. Na si kwamba hakuna aliyejua. Mwaka huohuo wa 2012, KARA, muungano wa vyama vya wakazi nchini, kwa ushirikiano na watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani, walitoa ripoti baada ya kuwasikiliza wakazi wanaoishi kando ya barabara hii, na suala la kuvuka lilikuwamo. Takwimu za NTSA nazo, mwaka baada ya mwaka, zinaonyesha kwamba kati ya wanaokufa kwenye barabara za Kenya, wapita njia ndio wengi zaidi.

Na daraja likishawekwa, maswali hayajaisha. Kijana mwenye miguu mizuri husema, "Si wapande tu daraja?" Sawa. Mwambie apande na mama mjamzito mwenye mtoto mgongoni. Mwambie asukume kiti cha magurudumu. Mwambie dada yake apite pale saa mbili usiku taa zikiwa zimeng'olewa. Au atembee umbali wote kutoka pale matatu ilipomshusha hadi lilipo daraja, kisha arudi umbali uleule upande wa pili, ndipo afike mahali alipokuwa anapaona tangu mwanzo. Mtu anayekimbia chini ya daraja hakimbii kwa sababu ni mjinga. Anakimbia kwa sababu aliyepanga steji na aliyepanga daraja inaonekana hawakukaa meza moja. Hilo nalo ni swali la kuandikiwa barua: steji iliwekwa pale na nani, na daraja kule na nani?

Sensa ya 2009 ilihesabu watu 238,858 katika mji wa Ruiru. Ile ya 2019 ikahesabu 490,120. Zaidi ya mara mbili ndani ya miaka kumi. Barabara ilichorwa kwa ajili ya Ruiru ile ya kwanza, na wanaoivuka leo ni wa hii ya pili.

Na bado wanachora. Mpango wa mabasi ya kasi, ile BRT, una laini waliyoipa jina Simba, ambayo kwenye ramani inatoka Rongai, inapita katikati ya Nairobi, inakuja Ruiru, Thika, hadi Kenol. Alama nyekundu za njia yake zilianza kuchorwa kwenye Barabara ya Thika mwaka 2018. Mamlaka inayohusika ni NaMATA, iliyoundwa 2017 kusimamia usafiri wa kaunti tano, na Kiambu ni mojawapo. Sasa wewe wa Ruiru, unajua kituo chako kitawekwa wapi? Kitakuwa katikati ya barabara au pembeni? Utafikaje pale na mzee mwenye fimbo? Haya ndiyo maswali ambayo mara iliyopita yalijibiwa kwa damu kwanza, halafu kwa simiti. Hapa Thika nako kuna mjadala wa mji kupandishwa hadhi uwe jiji. Tangu sheria ya miji irekebishwe 2019, kiwango cha watu ni 250,000, na sensa iliipa Thika 251,407. Jiji likija litakuja na mipango yake, ramani zake na zabuni zake. Aliyeuliza mapema atakuwa na cha kusema. Aliyengoja atapewa matuta.

Kwa nini barua, basi, na si posti?

Kwa sababu posti haina mwenyewe pale afisini. Hakuna afisa ambaye kazi yake inaharibika kwa sababu hakujibu posti yako. Barua iliyopokelewa ni kitu kingine. Inaingizwa kwenye daftari la kupokelea, inapewa nambari, inawekwa kwenye faili. Nakala yako inapigwa muhuri wenye tarehe. Kuanzia siku hiyo kuna saa inayohesabu, na saa hiyo si wewe uliyeiweka, ni sheria.

Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 37 kinakupa haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani, sawa, lakini watu husahau kwamba sentensi hiyohiyo inakupa haki ya kuwasilisha malalamiko rasmi kwa mamlaka za umma. Kifungu cha 47 kinasema uamuzi wa afisi ukiathiri haki zako vibaya, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kisha ikaja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, na hii ndiyo nataka uishike vizuri.

Sheria hiyo inasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Kiswahili, kaka. Hakuna sababu ya mama yako kungoja mtoto wa jirani aliyesoma chuo. Mtu asiyeweza kuandika, kwa kutojua kusoma au kwa ulemavu, afisa anatakiwa amsaidie kuliweka ombi lake kwenye karatasi na ampe nakala. Kupeleka ombi hakulipiwi. Unaweza tu kutozwa gharama ya kuchapisha nakala. Afisi ina siku 21 za kukujibu. Habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Ikihitaji muda zaidi inaweza kujiongezea mara moja tu, siku zisizozidi 14. Na wasipokujibu kabisa, sheria inahesabu kwamba wamekukatalia, na hapo unakwenda kwa Tume ya Haki za Kiutawala, CAJ, ile watu huita Ombudsman, ndani ya siku 30.

Umeona tofauti? Kimya cha mtandaoni ni kimya tu. Kimya baada ya barua ni jibu, na jibu hilo unaweza kulikatia rufaa.

Lakini barua yenyewe iandikwe vipi? Hapa ndipo vijana wengi wanapoteza. Wanaandika kurasa tatu za hasira: "viongozi wetu wamelala", "tumechoka", "haki yetu iko wapi". Hakuna swali hata moja ndani yake. Afisa anaisoma, anatikisa kichwa, anaiweka kando, na hajavunja sheria yoyote, kwa sababu hukumwuliza kitu. Usimwambie barabara ni mbaya. Anajua. Mwombe karatasi iliyoifanya iwe hivyo. Kitu kama hiki:

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Barabara Kuu, KeNHA.

KUH: OMBI LA HABARI KUHUSU KIVUKO CHA WAPITA NJIA, BARABARA KUU YA THIKA, KATI YA (taja steji) NA (taja steji)

Mimi ni raia wa Kenya na mkazi wa (taja mtaa). Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba nakala ya hesabu ya wapita njia iliyofanywa sehemu hii kabla ya kuamua mahali pa kuvukia, pamoja na tarehe yake. Nakala ya ripoti ya ukaguzi wa usalama wa sehemu hii. Na kumbukumbu za mkutano wowote wa wananchi uliofanywa kuhusu kivuko hiki. Iwapo mojawapo ya hati hizi haipo, naomba mniandikie kwamba haipo.

Nimeambatanisha hesabu tuliyofanya sisi wakazi.

Naomba jibu ndani ya siku 21 kama sheria inavyotaka.

Basi. Haijazi hata ukurasa. Hakuna tusi, hakuna kubembeleza, hakuna "mheshimiwa sana". Anwani ni ya mkuu wa afisi kwa sababu sheria inamfanya yeye mwenyewe kuwa afisa wa habari wa afisi yake. Na ule mstari wa "naomba mniandikie kwamba haipo" usiuondoe, hata ukipunguza mengine yote. Ukiletewa hesabu, una kitu cha kuchambua: ilifanywa lini, saa ngapi, walihesabu watoto wa shule au walikuja saa nne asubuhi mtaa ukiwa kimya? Ukiandikiwa kwamba hesabu haipo, una karatasi yenye nembo ya serikali inayosema walichora bila kuhesabu. Ningekuwa mimi, hiyo ya pili ningeipenda zaidi.

Halafu ile hesabu yenu. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda, na haihitaji digrii. Vijana wanne, daftari mbili, saa moja asubuhi wakati wa shule na saa moja jioni wakati wa kurudi kazini. Simameni mbali na lami, mahali salama. Wawili wahesabu wanaopita juu ya daraja, wawili wahesabu wanaovuka chini. Tengeni watu wazima, watoto, wazee, na wenye kiti cha magurudumu au magongo. Andikeni siku, tarehe, saa, na kama mvua ilinyesha. Rudieni siku tatu tofauti, mojawapo iwe Ijumaa, maana Ijumaa adhuhuri mitaa yenye msikiti ina mwendo wake ambao mhandisi kutoka Nairobi haujui. Ukimaliza una jedwali la ukurasa mmoja ambalo pengine ndilo pekee la aina yake kuhusu kona hiyo. Mwenye hesabu hasukumwi kirahisi kwenye mkutano. Mtu akisimama aseme "wananchi hawataki kutumia daraja", wewe unatoa karatasi, unamwonyesha ni wangapi wanalitumia, ni wangapi hawalitumii, na kwamba wengi wa wasiolitumia ni wale wenye mizigo na watoto. Kama ndivyo hesabu inavyosema, lakini. Ikisema vingine, sema vingine. Usipike.

Kosa jingine ni kuandikia afisi isiyohusika. Barabara Kuu ya Thika na ile ya kwenda Garissa ni za KeNHA. Za ndani ya miji nyingi ziko kwa KURA, za mashambani kwa KeRRA, na nyingine ni za kaunti. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti taa za barabarani, maegesho, mitaro ya maji ya mvua mijini, mipango ya maendeleo, na makaburi pia. Hilo la makaburi sisi tunapaswa kulishika kabla ya kuhitaji kaburi: ukiona mpango wa mji uliotenga ardhi ya maduka na ya nyumba, uliza kwa maandishi ardhi ya kuzikia iko wapi. Ukikosea afisi, usife moyo. Sheria inairuhusu afisi iliyopokea ombi lako ilipeleke kwa inayohusika ndani ya siku tano, na ikifanya hivyo inatakiwa ikujulishe. Kwa mambo ya kaunti, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 nayo inakupa haki ya kuwasilisha ombi rasmi, na inawataka wajibu haraka. Thika na Ruiru zote ni manispaa zenye bodi. Nakala ya barua ipelekee bodi ya manispaa na MCA wako, ili asije kukuambia wakati wa kampeni kwamba hakuwa na habari.

Najua unachosema sasa. "Watatupa." Ndiyo, nyingine zitatupwa. Ndiyo maana nasema upate muhuri kwenye nakala yako, na kama ni barua pepe, uhifadhi ule uliotuma pamoja na saa yake. Barua iliyotupwa ambayo wewe una nakala yake yenye muhuri, haijatupwa.

"Mimi ni nani hata waniandikie?" Wewe ni raia. Sheria haikuuliza cheo.

Kuna lingine ambalo hatulisemi kwa sauti, na kwenye ukurasa huu tunaweza kulisema. Kijana anayeitwa Abdi au Swaleh, anayeingia afisi ya serikali kuomba ramani na ripoti za barabara kuu, anajua anaweza kuangaliwa kwa jicho fulani. Ataulizwa kitambulisho mara mbili. Ataulizwa za nini. Hofu hiyo ina historia yake na siwezi kukwambia uiache nyumbani kama kofia. Ila fahamu hili: sheria ile ya 2016 inasema wazi kwamba haki yako ya kupata habari haiathiriwi na sababu unayotoa, wala na vile afisi inavyodhani kuhusu sababu zako. Waliotunga walijua kuna dhana. Kwa hiyo ukiulizwa "za nini", unaweza kujibu kwa adabu kwamba sheria haikulazimishi kueleza. Kuna habari ambazo serikali inaruhusiwa kuzizuia, kama za usalama wa taifa, lakini hesabu ya akina mama wanaovuka barabara si mojawapo. Nenda na mwenzako, usiende peke yako. Wekeni sahihi wengi: imamu, mwalimu mkuu, mwenye duka pale stejini, mchungaji wa kanisa lililo jirani. Gari haliulizi dini ya mtu, na barua yenye majina mchanganyiko haiwezi kuitwa ya kikundi fulani.

Mnataka mfano wa barua zilizofika mbali? Tazameni Lamu. Huko ilikuwa bandari na mtambo wa umeme, miradi mikubwa kuliko daraja letu, lakini swali la msingi lilikuwa hilihili: mliamua lini, kwa karatasi gani, na sisi mlituuliza? Wavuvi na wakazi wa Lamu walikwenda mahakamani mwaka 2012 kuhusu bandari ya LAPSSET. Aprili 2018 Mahakama Kuu ikaamua kwamba haki zao, ikiwemo haki ya kupata habari, zilikiukwa, na ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600. Mwaka uliofuata, tarehe 26 Juni 2019, Mahakama ya Mazingira, ile inayosikiliza rufaa dhidi ya NEMA, ikafuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa kampuni ya Amu Power. Sababu kubwa? Wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano ilifanyika kabla utafiti haujakamilika, kwa hiyo watu waliulizwa maoni kuhusu kitu ambacho hawakuwa wameonyeshwa. Mlalamikaji wa kwanza kwenye kesi ile alikuwa Save Lamu, kikundi cha wenyeji. Hawakuishinda kampuni kwa kupiga kelele zaidi yake. Kesi ya namna ile inasimama juu ya nani alipewa hati gani na tarehe gani, na tarehe hukaa kwenye karatasi.

Sisemi barua inatosha. Kuna wakati lazima watu wajitokeze barabarani kwa miguu yao, na Wakenya wengi wa umri wako wameshafanya hivyo kwa ujasiri ambao hatukuufikiria. Lakini anayeandamana akiwa na barua tatu zisizojibiwa mfukoni ana kitu cha kusoma mbele ya kamera, na wakili wake ana mahali pa kuanzia.

Mnakumbuka ile simulizi ya Sayyidna Umar, radhi za Allah ziwe juu yake, kwamba akiwa Madina aliogopa nyumbu akijikwaa kule Iraq ataulizwa na Mola wake kwa nini hakuisawazisha njia? Tunaisikia kwenye mawaidha tunasema masha'Allah, tunaenda zetu. Umar alijiuliza mwenyewe. Afisa wa leo anasubiri kuulizwa, na sisi hatumwulizi.

Kwa hiyo wiki hii chagua kona moja tu. Si Kenya nzima. Kona unayoijua kwa miguu yako: kivuko cha Witeithie, mtaro wa nyuma ya soko, taa zilizozimika njia ya madrasa, ngazi ambazo jirani yako mwenye magongo hawezi kuzipanda ilhali Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa haki ya kufika mahali pote kama wewe. Hesabuni, andikeni, pelekeni nakala mbili, moja ibaki na muhuri. Weka ukumbusho kwenye simu siku ya 21. Wasipojibu, siku ya 22 andika CAJ na uambatanishe nakala yako.

Na ukipata jibu, hata la mstari mmoja, hata la kukataa, lipige picha, ficha majina na nambari za simu za watu, ututumie kwenye ujumbe wa ukurasa huu. Atakayetutangulia kupata ile ya "hesabu haipo", tutaianza na yake.